Mihula Isiyo na Namba

Kwetu mtoto akifika nyumbani na ripoti mkononi haulizwi amejifunza nini. Anaulizwa amekuwa wa ngapi. Mimi niliulizwa hivyo na baba, na shangazi, na muuza mkaa, na katekista aliyekuwa akipita zake kwa baiskeli, na wote niliwajibu bila kufikiri, maana lilikuwa swali linalojibika. Ukishataja namba, mtu mzima anajua afanye nini na uso wake. Atatabasamu au atakunja ndita, kisha ataendelea na safari yake.

Kwa hiyo nilipomwandikisha binti yangu shule hapa Guangzhou nilikwenda na swali hilohilo, na kwa miaka kadhaa shule ilinijibu. Ni shule ya kulipia, imejaa watoto wa watu waliokuja mjini kutafuta maisha, Wachina wa mikoa ya mbali na sisi wageni wachache. Nilikuja naye akiwa hajaanza hata chekechea. Baba yake alibaki Mwanza na duka. Mgawanyo wetu hauna siri: mimi nanunua nguo soko la jumla la Shahe, nazipeleka kwenye ofisi ya kago Sanyuanli, karibu na chumba nilichopanga, yeye anazipokea na kuziuza. Nguo humfikia kwa kontena. Mtoto alikuwa anamfikia kwa simu, na kila mwisho wa muhula alimfikia akiwa na namba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

"Safi. Na huyo wa tatu ni mtoto wa nani?"

"Wa wale wanaouza tambi pale kona."

"Anakushinda nini?"

"Kichina cha kuandika."

"Na wewe unamshinda nini?"

Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza, na yalikuwa marefu mpaka nadai simu yangu. Mume wangu hajawahi kukanyaga China, lakini darasa lile alilijua lote. Alijua nani amepanda na nani ameshuka, nani wazazi wake wamerudi mkoani wakaacha nafasi ya pili wazi. Aliwafuatilia kama mtu anavyofuatilia ligi. Binti yangu alikuwa akicheka kwenye ile simu cheko ambalo mimi silipati, na mimi ndiye ninayempikia.

Kisha, mwanzoni mwa muhula mmoja, baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, wazazi tuliitwa shuleni. Ulikuwa ule msimu ambao unyevu unaingia ndani ya nyumba, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki. Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye sauti iliyokauka kwa kazi, alisimama mbele akaongea kwa muda mrefu. Kichina changu ni cha sokoni. Nina bei, rangi, saizi, na maneno ya kukataa. Mkalimani wangu alikuwa mtoto mwenyewe, ameketi kando yangu na jaketi lake la shule.

"Mama, mwalimu anasema muhula huu kaoshi hamna."

"Kaoshi ndiyo nini?"

"Ile... mtihani. Hamna. Tutafanya vitu."

"Vitu gani?"

Akamsikiliza tena mwalimu, akatafuta neno la Kiswahili, hakulipata. "Vitu," akasema.

Nilielewa kidogo kidogo. Lilikuwa ni jaribio. Kwa muhula mmoja, darasa lao la tano lisingefanya mtihani wowote. Kila mtoto angechagua jambo moja, alichunguze, aulize watu, na mwisho alieleze mbele ya wenzake. Baba mmoja wa Kichina alisimama akahoji kwa ukali, mkono unakata hewa. Sikuelewa hata neno, lakini swali nililifahamu. Lilikuwa langu.

Nieleze hali yangu hapa ili nisije nikaonekana mama wa ajabu. Sikukasirika, wala sikufurahi. Nilikuwa nimekufa ganzi zamani, na siwezi kusema ilianza lini. Si huzuni, huzuni ningeijua. Ni kwamba unaamka kabla ya jua kuwahi Shahe, unabishana, unabeba, unarudi, unafunga mizigo, na hisia nazo zinahitaji mahali pa kukaa, na chumba chetu kilikuwa kimejaa marobota. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake. Unajua ni wako kwa sababu unauona.

Nilimpigia mume wangu nikamwambia: muhula mmoja tu, wanajaribu. Akasema sawa, muhula mmoja si mwingi, labda hata wao walimu wamechoka kusahihisha.

Binti yangu alichagua suruali. Suruali moja ya jinzi, ya kike, ya aina ninayonunua kwa wingi, na akasema ataifuata ilikotoka na inakokwenda. Nikamwambia inatoka Shahe inakwenda Mwanza, kazi imekwisha. Hakukubali. Jumamosi moja akafuatana nami sokoni, simu mkononi ya kurekodi, akamwuliza muuzaji wangu maswali katikati ya kelele za mikokoteni. Yule mama nimenunua kwake miaka na miaka, na hajawahi kuniambia kitu kisicho na bei ndani yake. Kwa mtoto alikaa juu ya kigoda akaeleza kijiji chake, cherehani yake ya kwanza, na mtoto wake anayelelewa na bibi, ambaye humwona sikukuu ya mwaka mpya tu. Binti yangu alinitafsiria tukiwa kwenye metro.

"Ulikuwa hujui?" akaniuliza.

"Sikuwahi kumwuliza."

"Na suruali nani anavaa?"

"Watu."

"Watu gani, mama?"

"Watu wa Mwanza."

Akataka picha ya mmoja wao. Akampigia baba yake amtumie picha ya mteja yeyote amevaa ile suruali, aweke mwisho wa kazi yake. Baba yake akacheka. "Mteja nitampigaje picha, mwanangu? Atadhani namshitaki." Akasema atatafuta namna. Hakuitafuta, au aliitafuta akasahau, duka lina mambo mengi.

Muhula ulipoisha, ile simu ya kila mara ilipigwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Hamna namba, baba. Nimefanya suruali."

Baba yake hakuwa amekasirika, nilimsikia akihema tu. "Suruali," akasema. "Haya. Mpe mama."

Kwangu mimi alikuwa na maneno zaidi. Alisema yeye hakupeleka mtoto China kwenda kuwa fundi cherehani. Alisema darasa la saba liko karibu, na nyumbani mtihani wa darasa la saba hauna suruali. Akaweka sharti: kama muhula ujao namba haijarudi, Januari shule zikifunguliwa Mwanza mtoto anarudi. Nilimwambia nimesikia. Sikutaka mtoto aondoke, hilo naliandika wazi hapa kwa sababu wakati ule sikulisema. Katika mji huu wote yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniita kwa jina ambalo si la biashara.

Basi nikaenda kuitafuta namba. Nilikwenda peke yangu, bila mkalimani, maana mambo ya bei hayazungumzwi mbele ya mtoto. Mwalimu alikuwa ofisini kwake anapanga michoro ya watoto kwenye maboksi. Nikamwuliza kwa Kichina changu: wangu ni wa ngapi?

"Meiyou," akasema. Hakuna.

Sasa hilo neno mimi nimeishi nalo. Shahe, ukiuliza kama kuna saizi kubwa, jibu la kwanza ni meiyou. Ukiuliza kama bei inapungua, meiyou. Mgeni wa wiki ya kwanza husikia meiyou akaondoka kweli, na sisi wazoefu humcheka. Meiyou maana yake ni kwamba tumeanza. Kwa hiyo sikutetereka. Nikateremka kidogo: haidhuru namba kamili, yumo kwenye kumi bora? Meiyou. Je, yuko nusu ya juu au nusu ya chini? Akanitazama kwa huruma ambayo niliichukulia kuwa ujanja wa kazi. Meiyou.

Nikafanya ninachokijua. Nikachukua mkoba, nikainuka, nikaanza kuondoka polepole. Sokoni hufiki mbali. Utasikia nyuma yako laoban, laoban, bosi rudi, na saizi itakuwa imepatikana. Nilifika mlangoni nikasimama kutengeneza mkanda wa mkoba ambao haukuwa na tatizo. Nikapita kwenye korido. Nikashuka ngazi taratibu, sikio limebaki juu. Mlinzi akanifungulia geti, akaniaga vizuri, na hakuna aliyeniita. Nilisimama nje nikakasirika, kisha nikacheka mwenyewe, kisha vyote viwili vikaisha. Yule mwalimu hakuwa anauza. Hakuwa nayo kweli.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Mbeya mwenye mtoto shule hiyohiyo, alinishangaa nilipomsimulia. Alikuwa anakaanga maandazi, hata hakugeuka.

"Dada, mimi wangu ni wa tatu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimewaambia nyumbani wa tatu. Ukisema wa kwanza, watataka sherehe. Ukisema wa kumi, watataka maelezo. Wa tatu anapita tu, hakuna anayemsumbua."

Nilikaa nikalifikiria. Lilikuwa wazo zuri, na sikulikataa kwa uadilifu. Nililikataa kwa sababu namjua mume wangu. Angeuliza wa pili ni nani.

Septemba shule ikafunguliwa na tukaitwa tena. Safari hii wazazi wengi walikuja wamejiandaa kushusha pumzi kwamba jaribio limekwisha. Mwalimu akasema jaribio limekwenda vizuri kiasi kwamba hawataliacha libaki muhula mmoja wa pekee. Kuanzia sasa lingeingia katika mihula ya kawaida: masomo yote yatakuwepo, hesabu, lugha, sayansi, lakini yatafundishwa kwa namna ileile ya kuchunguza, na mtihani wa kupanga watoto kwa namba hautarudi mpaka watakapomaliza shule ya msingi. Binti yangu alitafsiri mpaka hapo, kisha akaacha. Alilijua lile sharti. Chumba chetu ni kimoja, na baba yake huongea simu kama anaita mtu ng'ambo ya barabara.

"Amesema nini tena?" nikamwuliza, maana mwalimu alikuwa bado anaongea.

"Amesema ni nzuri kwetu."

"Na wewe unaonaje?"

Akainua mabega. "Mimi napenda. Lakini baba hapendi."

Nilitakiwa kusema kitu hapo. Hata leo nikilikumbuka lile benchi najua kabisa ni mahali pa kusema kitu. Nilimweka sawa kola ya shati la shule tukaenda kula.

Muhula ule wa kawaida ulikuwa mzuri kwake, sina budi kusema. Aliendelea na suruali yake, maana mwalimu hakutaka kilichoanzwa kikatwe. Hesabu walizifanya kwa mita za kitambaa. Alinikosoa siku moja jinsi ninavyopanga marobota, kwamba napoteza nafasi pembeni, na alikuwa sahihi. Alikuwa anaondoka asubuhi bila kusukumwa. Lakini zile simu za Jumapili zilikuwa zinafupika. Shikamoo, baba. Marahaba, masomo? Mazuri. Haya, mpe mama. Nilikuwa nawasikiliza wote wawili wakitafuta kitu cha kushika na kukikosa. Ligi ilikuwa imevunjwa, na mume wangu hakuwa na mtu mwingine wa kumwulizia. Hata yule mtoto wa wauza tambi, baba hakujua tena aanzie wapi kumtaja. Nilidhani nitaumia kuona hivyo, nikangoja niumie, nikaendelea kumenya vitunguu.

Januari ikafika, ikafika na siku ya watoto kueleza kazi zao mbele ya wazazi. Nikamwambia mume wangu: usiamue kabla hujaona. Nitakupigia kwa video, utazame mwenyewe. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Video tulikuwa tunaitumia kwa biashara tu. Hugeuza kamera kwenye rafu anionyeshe mzigo ulivyokaa, uso wake hapendi kuutazama kwenye simu, anasema unamzeesha. Binti yangu zile rafu za duka amezikodolea macho nyuma ya bega langu tangu anajifunza kusoma.

Niliishika simu juu, mkono ukichoka. Binti yangu alisimama mbele, nywele nimemsuka vizuri, akaanza. Aliongea Kichina bila kukwama, mikono inakwenda, watoto wenzake wanamwitikia. Kwenye ukuta nyuma yake alikuwa amebandika karatasi ndefu, na suruali ile inasafiri juu yake: shamba la pamba, kiwanda, yule mama wa Shahe kwenye kigoda chake, mimi na mkokoteni, ofisi ya kago, meli. Mwisho kabisa, mahali alipotaka kuweka picha ya mteja, alikuwa amechora duka. Kwenye skrini mume wangu alikuwa ametulia, kichwa kimesogea karibu. Nilimwona anajitahidi. Alikuwa anasikiliza kwa bidii maneno ambayo hayaelewi hata moja, yanatoka kinywani mwa mtoto wake.

Utaratibu mpya ulikuwa kwamba badala ya maksi, mzazi anamwuliza mtoto wake swali moja kuhusu kazi yake. Mwalimu akanigeukia akanipa nafasi. Wazazi wote wakageuka. Nilitafuta swali, na kichwani mwangu mlikuwa na moja tu, lile la muuza mkaa na katekista. Nikanyoosha simu mbele nikasema, baba yake atauliza.

Mume wangu akakohoa.

"Hapo mwisho," akasema. "Hilo duka naliona. Rafu ndiyo hizo, hata ile iliyopinda. Sasa huyo mtu aliyesimama mlangoni ni nani?"

Aliyechorwa alikuwa kijana mwembamba, nywele nyingi, shati la bluu. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa tulipomwacha Mwanza; leo ni mtu mnene, kichwa amekinyoa chote.

"Ni wewe, baba," binti yangu akasema.

Mwalimu akauliza baba amesema nini. Mtoto akatafsiri, kama alivyozoea kutafsiri, na darasa zima likacheka. Walicheka vizuri, bila ubaya, na mwalimu naye akacheka akapiga makofi, maana kwao lilikuwa jibu zuri. Mume wangu hakujua wanacheka nini. Nilimwona anangoja mtu amwambie. Kisha kamera ikageuka, nikabaki natazama rafu.

Jioni akapiga. Hakutaja darasa la saba.

"Mama, sikiliza. Anajua sana, nimeona. Mlete nyumbani."

"Kwa sababu ya namba?"

"Namba ndiyo kitu pekee nilichokuwa naelewa kwake," akasema. "Mlete kabla sijawa mgeni wake kabisa."

Ningeweza kubishana. Kubishana ndiyo kazi yangu, nabishana na mtu mpaka anaondoa na ile faida aliyoificha mfukoni. Nilisema sawa. Akaniambia ameshapata shule, ya bweni, kwa kuwa yeye yuko dukani kutwa na hakuna wa kukaa na mtoto. Hilo nalo nikasema sawa.

Begi nililifunga mimi, mchana, siku ya kuondoka kwao. Alikuwa anasafiri na yule jirani wa Mbeya aliyekuwa anakwenda likizo. Nina ujuzi wa kufunga mizigo. Unakunja nguo, unaikandamiza kwa goti mpaka hewa yote itoke, na nafasi inapatikana. Binti yangu alikaa kitandani ananipitishia soksi mojamoja.

"Mama, kule kuna mtihani?"

"Upo. Kila mwezi, na mwisho wa muhula."

"Wanatoa namba?"

"Wanatoa. Wanabandika ukutani."

Akanipa soksi nyingine. "Nitakaa na baba?"

"Utakaa bweni. Baba atakuja siku za kutembelea."

Alifikiri kidogo, soksi mkononi, bila kulia wala kununa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima aliyepewa bei na kuona anaimudu.

"Sawa," akasema. "Basi akija nitakuwa na cha kumwambia."